Kabla hujaingia kwenye majaribio ya dawa za SOPK, uliza kwanza habari ya mimba

Mwaka ule kalenda ya parokia iliyotundikwa jikoni kwetu, mtaa wa Kamalondo, Lubumbashi, ilikuwa na alama tatu tu. Kila nilipoona siku zangu nilizungushia tarehe kwa kalamu nyekundu. Januari, Mei, Oktoba, basi. Miezi mingine yote ilibaki myeupe, na kila mwezi mweupe mama mkwe aliuliza kama kuna habari. Habari haikuwepo. Kulikuwa na chunusi mgongoni, na ndevu kidevuni nilizong'oa kila asubuhi kabla mume wangu hajaamka.

Dokta aliyenifanyia ekografi, kile kipimo cha picha ya tumbo, aliandika herufi nne: SOPK, yaani ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. Kwa Kiingereza wanasema PCOS. Ovari zinatoa homoni za kiume kupita kiasi, yai linakwama kabla ya kukomaa, mwezi unapotea, yaani siku zako hazionekani. Vile vifuko vinavyoonekana kwenye ekografi si uvimbe wa kukatwa, ni vijumba vya mayai vilivyosimama njiani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake wapatao 10 kati ya 100 walio katika umri wa kuzaa wanao, na wengi hawajui. Dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana. Zipo za kurudisha mwezi, za kushusha sukari, za kusaidia yai litoke, na utafiti unaendelea. Ndiyo maana majaribio yapo, na ndiyo maana tangu nirudi Lubumbashi dada zangu wananiuliza: tuingie au tusiingie?

Nianze na lililoniuma. Mtu wa kwanza kunitajia majaribio hakuwa mtafiti. Alikuwa bwana mmoja wa hapa mjini, amevaa koti jeupe, aliyesema kuna dawa mpya ya ovari, nafasi zimebaki chache, kila mwanamke atoe dola 120 za kujiandikisha. Nilitoa. Nilipewa chupa ya vidonge isiyo na jina wala karatasi, na baada ya wiki mbili simu yake haikupatikana tena. Dada, jaribio la kweli halikuuzii nafasi. Dawa inayochunguzwa na vipimo vyake vinalipwa na wenye utafiti, na mara nyingi wanakurudishia hata nauli. Omba namba ya usajili wa jaribio, uitafute mwenyewe kwa simu: kwenye daftari la Marekani la ClinicalTrials.gov namba huanza na NCT na kufuatiwa na tarakimu nane, na Afrika tuna daftari letu, PACTR, linalotunzwa Afrika Kusini. Kisha omba kuona barua ya kamati ya maadili, wale wanaokagua utafiti kabla haujaanza. Namba peke yake haithibitishi kwamba dawa ni salama, lakini mwenye chupa isiyo na jina hana hata hiyo.

Baadaye kazi ya mume wangu ilitupeleka Johannesburg kwa miaka miwili, na huko ndiko niliingia kwenye jaribio lenyewe, katika hospitali moja kubwa. Walikuwa wanachunguza kidonge cha kusaidia mwili utumie vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Mama yangu alifariki kwa sukari, na SOPK inaongeza hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo nilivutiwa mara moja.

Fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa 19, za Kiingereza. Mimi nilisoma kwa Kifaransa. Nilisema sitii sahihi kitu nisichokielewa, na hawakukasirika; walimtafuta mkalimani wa Kiswahili, na wakaniruhusu kubeba fomu nyumbani. Ibebe nyumbani nawe. Ukurasa wa 11 ndio ulionisimamisha: mshiriki asishike mimba kwa muda wote wa jaribio na mwezi mmoja baada yake, na njia ya kuzuia mimba isiwe ya homoni, maana homoni zingevuruga majibu. Yaani kondomu, au kitanzi cha shaba.

Fikiria. Mwanamke aliyeolewa miaka minne, hajazaa, kila Jumapili simu inalia kutoka Lubumbashi, naye anaombwa aweke sahihi kwamba hatatafuta mtoto.

Usiku ule umeme ulikuwa umekatika. Mume wangu alisoma ukurasa ule kwa tochi ya simu, polepole, akiweka kidole chini ya kila mstari. Alipomaliza alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Ni miezi mingapi yote pamoja?" Nikamwambia saba. Akasema, "Mama nitamweleza mwenyewe." Kama asingesema vile nisingeingia, na ningekuwa nimefanya sawa. Msiwafiche waume zenu jambo hili. Kondomu haiwezi kuwa siri ya mtu mmoja.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza mapema ni kwamba majaribio ya SOPK yako ya namna mbili kubwa. Kuna yanayotafuta mimba yenyewe, na kuna yanayotafuta mambo mengine, kama sukari, uzito, nywele au mwezi kurudi, na haya ya pili kwa kawaida hayataki ushike mimba kabisa, kwa sababu dawa inaweza kumdhuru mtoto. Mfano wa yale ya kwanza ni jaribio la Marekani lililotoka mwaka 2014: wanawake 750 wenye SOPK waligawanywa, wengine wakapewa klomifeni, dawa ya zamani ya kusaidia yai litoke, wengine letrozoli, ambayo asili yake ni dawa ya saratani ya matiti. Waliozaa mtoto hai walikuwa asilimia 27.5 upande wa letrozoli na 19.1 upande wa klomifeni. Leo letrozoli ndiyo inayopendekezwa kwanza kwa mwenye SOPK anayetaka yai litoke. Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiwe "hii dawa inafanya kazi?" Hilo hata wao hawajui, ndilo wanalolitafuta. Uliza: "Hili jaribio linataka nishike mimba au nisishike?" Na ukiwa na miaka 36, mwaka mmoja ni mali. Upime hivyo.

Vipimo vya kuingia vilinitoa jasho. Nilitoka nyumbani bila kula tangu bukari ya jana jioni, nikatolewa damu, nikapewa kikombe chenye gramu 75 za glukosi kwenye maji, kitamu mpaka koo linakaza, nikakaa saa mbili ndipo wakanitoa damu tena. Ila kilichonishinda karibu nirudi nyumbani ni nywele. Wanazihesabia alama: sehemu tisa za mwili, toka juu ya mdomo, kidevu, kifua, mpaka mapaja, kila sehemu sifuri hadi nne. Ili wahesabu vizuri waliniambia nisinyoe wala nisizing'oe kwa wiki nne. Wiki nne nilizunguka na kitambaa shingoni kwenye joto. Nesi alinifunga mlango, akanishika kidevu taratibu na kukigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaandika alama yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba naye anazo. Nililia pale pale. Miaka yote ile nilidhani ni mimi tu.

Halafu kuna kidonge kitupu, plasebo. Kompyuta ndiyo inayokupanga, hakuna dokta wa kumwomba upendeleo, na katika jaribio kama langu hata dokta mwenyewe hajui umepewa kipi. Kila mwezi nilirudisha vidonge vilivyobaki, vikahesabiwa mbele yangu kimoja kimoja. Jaribio lilipokwisha barua ikaja: nilikuwa kundi la kidonge kitupu. Iliniuma, sisemi uongo. Miezi sita. Lakini nilikuwa nimeambiwa tangu mwanzo, na nilikubali nikijua.

Wengine wananiambia, "Wanatufanya panya." Naelewa hofu hiyo, wala siidharau. Ila nakumbuka pia Kivu Kaskazini, Novemba 2018, Ebola ikiua Beni na Butembo. Jaribio la dawa nne lililofanyika kule lilipewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha. Agosti 2019 lilisimamishwa mapema kwa sababu dawa mbili zilikuwa zinaokoa watu wengi zaidi, na moja kati ya hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Wakongo wenzetu ndio walioweka sahihi zile. Panya haombwi ridhaa, wala hawezi kuondoka katikati. Wewe unaweza kuondoka siku yoyote, bila kutoa sababu na bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Ukiona fomu haisemi hivyo, usitie sahihi.

Na tafadhali, msianze kunywa chai ya artemisia kwa ajili ya ovari. Najua habari ilipotoka. Mwaka 2024 watafiti wa China walitangaza kwamba dihidroatemisinini, ya ukoo wa dawa zetu za malaria zinazotokana na mmea wa artemisia, ilirudisha mwezi kwa wanawake 12 kati ya 19 waliopewa kwa wiki 12. Nilifurahi niliposoma. Lakini ni wanawake 19, hakukuwa na kundi la kulinganisha, na kidonge kilichopimwa si majani ya sokoni. Dawa za malaria tunazihitaji zibaki na nguvu kwa malaria.

Jambo moja nililouliza kwa bahati, nawe uliulize kwa kusudi: jaribio likiisha, nani atanitibu, na majibu yangu nitapewa? Nilipewa yote, sukari, homoni na ekografi, yamepigwa muhuri. Niliyarudisha Lubumbashi kwenye farde ya plastiki na kumpelekea dokta wangu. Aliyapanga mezani kwa tarehe, akayasoma yote, ndipo akaniandikia letrozoli. Sasa niko mzunguko wa tatu.