Acha kununua albamu nyingine mpaka upakue ulizokwisha kununua

Umeandika kwamba umekwisha kununua albamu tisa za wasanii wa kujitegemea, kwamba hujapakua hata moja kwa kuwa "zipo kwenye akaunti", na kwamba sasa unataka kujua duka lipi linampa msanii fungu kubwa zaidi, uchague faili za sauti za aina ya FLAC au MP3, ulipe kwa njia gani, na kama inafaa kumwongezea msanii juu ya bei aliyoiweka. Nilipofika kwenye maneno "zipo kwenye akaunti" niliinuka, nikazunguka chumba, nikarudi kukaa. Nenda kapakue hizo tisa kwanza, kisha uje tuzungumze.

Mimi nilikuwa nazo 114. Nilizikusanya kwa miaka sita katika duka moja la mtandaoni ambalo sitalitaja, na nyingi zilikuwa za watu wanaorekodi chumbani kwao na kuuza nakala thelathini au arobaini kwa dunia nzima. Nilizisikiliza kupitia programu ya simu ya duka hilo, na kwa kuwa programu iliyapanga majalada safu kwa safu kama vitabu kabatini, nikaamini kwamba kabati ni langu. Duka lilipoamua kufunga, liliwapa wateja siku tisini za kupakua mali yao, na tangazo likatumwa kwenye anwani ya barua pepe ambayo nilikuwa nimeiacha zamani. Nilikuja kujua asubuhi moja, nilipofungua programu nikakuta majalada yote yamegeuka miraba ya kijivu, na kila nilipougusa mmoja, alama ya kusubiri ilizunguka kidogo kisha nikaambiwa hakuna muunganisho. Nilizima simu na kuiwasha mara tatu. Niliilaumu intaneti saa nzima, maskini, nayo haikuwa na kosa lolote.

Fedha niliisamehe. Lakini miongoni mwa albamu hizo ilikuwamo moja ya mwimbaji anayepiga gitaa peke yake, iliyorekodiwa mbele ya watu wachache, ambayo kabla ya wimbo wa tatu mtu mmoja anakohoa, mwimbaji anacheka, kisha anaanza upya kwa sauti ya chini zaidi. Niliitafuta kila mahali nisiipate, kwa sababu hakuwahi kuiweka kwenye huduma yoyote ya kutiririsha muziki. Mwishowe nilimwandikia mwenyewe nikamwomba aniuzie tena. Alinijibu kwamba kompyuta iliyokuwa na rekodi za awali ilikwisha kuharibika, kwamba yeye naye alilitegemea duka lile lile, na kwamba alikuwa akitumaini kuna mnunuzi mmoja aliyeipakua. Je, mimi ninayo? Nilichokuwa nacho ni risiti. Nikamtumia. Sijui nilidhani ataipiga kwa gitaa.

Aliyenifikisha hapo ni mjuaji mmoja ambaye, nilipouliza swali kama hili lako, alinijibu kwamba kupakua ni ushamba, kwamba nisijaze diski bure, na kwamba kilichoko kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni huko mtandaoni, hakipotei. Hakipotei! Mtu huyo hajawahi kutazama juu hata siku moja, maana kupotea ndiyo kazi ya mawingu. Nilipomrudia na msiba wangu, alisema nilipaswa kusoma masharti ya duka. Basi niliyasoma, nimechelewa lakini kwa makini, na yalisema wazi kwamba kusikiliza kupitia programu ni huduma inayoweza kusitishwa wakati wowote, ilhali faili niliyoipakua ningeweza kukaa nayo. Nilikuwa nimelipia faili, nikatumia huduma.

Wala usidhani maafa haya huyapata maduka madogo pekee. Mwaka 2019 Myspace, mtandao wa kijamii uliopendwa na wanamuziki, ilikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopakiwa zaidi ya miaka mitatu kabla huenda zimepotea wakati wa kuhamisha seva, na waliopoteza wengi walikuwa wasanii ambao hawakuwa na nakala kwingine. Sehemu ndogo tu ya nyimbo hizo iliokolewa baadaye na kuwekwa Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, tena kwa sababu kulikuwa na watafiti waliokuwa wamezipakua miaka ya nyuma kwa shughuli zao wenyewe. Hao ndio watu wa kuiga.

Kwa hiyo pakua siku ile ile unayolipa, kabla hujasikiliza. Chagua FLAC, kwa sababu hubana sauti bila kupunguza chochote, na kutoka humo unaweza kutengeneza MP3 ya simu wakati wowote, ilhali MP3 haiwezi kurudishiwa kilichokwisha kukatwa. Albamu ya dakika arobaini kwa kawaida haizidi megabaiti mia tatu, basi usinitajie habari ya nafasi. Weka nakala moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye diski ya nje inayokaa mbali nayo. Fungua faili ya zipu, lile furushi linalobeba nyimbo zote za albamu, papo hapo, kisha uucheze wimbo wa mwisho hadi mwisho wake, kwa sababu upakuaji uliokatika njiani mara nyingi hauonyeshi dalili mpaka uufungue. Ukibadilisha barua pepe, badilisha na ile ya duka siku hiyo hiyo. Mimi nilisahau, nawe umeona.

Kuhusu fungu la msanii, duka la mtandaoni la Bandcamp kwa kawaida huchukua asilimia 15 ya mauzo ya faili za muziki, na katika Ijumaa maalumu zilizoanza Machi 2020 huliacha fungu lake. Nunua siku hizo ukipenda, lakini upakue siku hizo hizo pia, na ukiona albamu haina kitufe cha kupakua, fahamu kwamba hapo hununui bali unakodi.

Yule mwimbaji alitoa albamu nyingine baadaye. Niliipakua kabla ya kusikiliza hata wimbo mmoja, nikamwandikia kwamba safari hii ninazo nakala mbili, mahali pawili tofauti. Alinishukuru, akaniomba niongeze ya tatu.