Modeli ya magonjwa ya muhogo: kwenye laptop 96%, shambani inababaika

SWALI: Habari kaka, mi niko mwaka wa mwisho chuo, project yangu ni modeli (programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano) ya kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha za majani. Picha nimepiga mwenyewe huku Mkuranga, kwenye laptop inanipa usahihi wa 96% ila nilivyoipeleka shambani kwa mjomba Muheza inachanganya vibaya, mimea yenye ugonjwa wa batobato inaiita mizima, na mizima inaiita yenye ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Niongeze picha au nichukue modeli kubwa zaidi? Na niiweke kwenye seva au ndani ya simu?

JIBU: Mdogo wangu, modeli iache kama ilivyo kwanza, anza na namna ulivyogawa picha zako. Nadhani umefanya kama wengi wanavyofanya, umezichanganya zote alafu ukakata asilimia 80 za kufundishia na asilimia 20 za kupimia bila kuangalia picha imetoka mmea gani. Sasa kama mmea mmoja uliupiga picha tano sita basi tatu zimeenda huku mbili kule, modeli inapimwa kwa jani ambalo ilishaliona, mwanga ule ule, udongo ule ule, huo ni mtihani uliovuja na 96% yako haisemi lolote kuhusu ugonjwa.

Hata wakubwa yamewakuta haya. Mwaka 2016 watafiti wa PlantVillage, mradi wa kutambua magonjwa ya mimea kwa picha, walifundisha modeli kwa picha zaidi ya 54,000 za mimea 14, wakapata usahihi wa 99.35%, lakini walivyoipima kwa picha zilizopigwa kwenye mazingira mengine ikashuka hadi kama 31% tu. Mwaka 2022 mtafiti mwingine akachukua picha hizo hizo, akafundisha modeli kwa pikseli (nukta za picha) 8 tu za pembeni, yani pale ambapo hata jani halipo, ikapata 49% wakati kubahatisha ni chini ya 3%. Maana yake modeli ilikuwa inasoma meza na taa, ugonjwa ilikuwa haiujui kiasi kile watu walichodhani. Ya kwako inawezekana inasoma mchanga wa Mkuranga.

Kwa hiyo gawa kwa shamba. Shamba lote liende kufundishia au lote liende kupimia, lisikae pande zote mbili, na hizo picha za Muheza zifungie kabisa zisiguswe mpaka siku ya mwisho. Namba itashuka, pengine sana, na hiyo ndo namba yako ya kweli ya kuanzia kazi. Baada ya hapo ndo uongeze picha, ila usirudi mashamba yale yale, bora mashamba 40 yenye picha 50 kila moja kuliko mashamba manne yenye picha 500 500. Chukua asubuhi na mchana, masika na kiangazi, simu za bei rahisi maana ndo zilizo mikononi mwa wakulima, na aina tofauti za muhogo kwa sababu kuna zenye majani ya vidole vyembamba na kuna zenye majani mapana, modeli ikizoea moja inayoshangaa ni ile nyingine.

Angalia pia unapiga jani gani, hapa wanafunzi wa kompyuta wengi wanakosea kwa sababu hawajakaa na bwana shamba. Batobato unaiona vizuri kwenye majani machanga ya juu, yamejikunja na yana mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia inajitokeza zaidi kwenye majani yaliyokomaa ya chini, njano inafuata mishipa, na mara nyingine majani yanapendeza kabisa kumbe mizizi imeoza ndani. Kwa hiyo kwenye app yako usiandike "mmea mzima", andika "hakuna dalili kwenye majani haya". Naomba hili ulishike sana, kwa sababu mkulima akiambiwa mzima anakata pingili anapanda, anampa na jirani, na virusi vyote viwili vinasafiri kwa pingili pamoja na nzi weupe. Kosa la kuita mgonjwa mzima lina gharama kubwa kuliko kumshuku mzima, msimu ujao kuna nyumba itachimba muhogo usiolika. Kwa hiyo usinitumie wastani wa usahihi, nitumie jedwali la kila ugonjwa, wagonjwa wangapi imewakamata na wangapi imewapitisha.

Wastani unadanganya hata kwenye data nzuri. Ile seti ya picha za muhogo ya Chuo Kikuu cha Makerere kule Uganda ina picha zaidi ya 21,000 na zaidi ya 13,000 ni batobato, ukitengeneza programu inayojibu "batobato" kila mara bila kuangalia chochote tayari una kama 61%. Itumie, ni data ya shambani kweli, ila pima kila klasi (kila ugonjwa, na wazima) peke yake.

Alafu usitoe jibu kwa jani moja. Nuru, app ya kutambua magonjwa ya muhogo ya PlantVillage na IITA (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki), ilipimwa shambani Afrika Mashariki, ikapata 65% wakati maafisa ugani walikuwa kati ya 40% na 58% na wakulima 18% mpaka 31%, lakini walivyoangalia majani sita kwa kila mmea ikapanda hadi 74% mpaka 88%. Hawakuongeza ukubwa wa modeli hapo, wameongeza majani tu! Na wewe fanya hivyo, ya juu, ya kati na ya chini, kisha unganisha majibu.

La seva: weka ndani ya simu. Nuru inafanya kazi bila intaneti na sababu unaijua, bando na mtandao shambani ni shida. Chukua modeli ndogo kama MobileNet, ipeleke TensorFlow Lite (siku hizi inaitwa LiteRT, ni zana ya kuendesha modeli kwenye simu), punguza ukubwa wa namba zake kutoka biti 32 kwenda 8, faili litapungua karibu mara nne. Ukimaliza kuipunguza ipime upya kwa zile picha za Muheza, kwenye simu yenyewe na sio laptop, maana kuna magonjwa inaweza ikaanza kuyapitisha hapo wakati wastani wala haujatikisika.