Jibu: Pikapu inavuta kushoto ukikanyaga breki

Ndugu, umesema pikapu yako ya 1958 inavuta kushoto ukikanyaga breki, na usukani unacheza kama inchi tatu kabla tairi hazijaitika. Anza na breki.

Inua mbele, weka stendi, usitegemee jeki peke yake. Mwenzako akanyage pedali na kuiachia, wewe zungusha tairi. La kushoto likibaki limebana, legeza nati ya kutolea hewa kwenye breki ya tairi hilo. Likiachia papo hapo, hosi ya mpira ya breki imevimba ndani, inazuia mafuta ya breki kurudi. Hosi hizi huwapotosha wengi kwa sababu kwa nje zinaonekana nzima kabisa. Likiendelea kubana, fungua dramu (ngoma ya breki) ukague springi na silinda ya gurudumu, ile inayosukuma breki. Kushoto kukiwa salama, fungua kulia, maana breki dhaifu ya kulia nayo hufanya gari livute kushoto: lainingi (kitambaa cha breki) iliyolowa grisi usiioshe, badilisha za pande zote mbili.

Usukani sasa. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Breki ikikanyagwa mchezo ukapotea, ni beringi. Ukibaki, ni kingipini, ile pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia. Nakuomba sana, usikaze skrubu ya kurekebisha boksi ya stelingi (gia za usukani) kabla ya kukagua ncha zote za tai rodi, vyuma vinavyogeuza tairi. Ukiikaza kupita kiasi, usukani utakwama katikati.