Maswali na majibu: Unataka fundi au kijana wa kutumwa?

Nina karakana ya mageti Mbagala, Dar es Salaam, mafundi watano. Nataka kuchukua vijana wanne niwafundishe, kisha niwaajiri. Nianzie wapi?

Anza kwa kupunguza idadi. Mafundi watano hawawezi kubeba wanagenzi (wanaojifunza kazi) wanne na mageti yakatoka kwa wakati. Chukua wawili, kila mmoja umkabidhi kwa fundi wake. Anayefundishwa na wote hafundishwi na yeyote: asubuhi anatumwa soda, mchana anashikilia chuma, jioni anafagia, na mwaka unaisha hajagusa mashine.

Kabla hawajaja, kaeni muandike kazi zote ambazo fundi kamili anapaswa kuzimudu, kuanzia kupima na kukata hadi kumkadiria mteja bei. Kila kazi iwe na kipimo kinachoonekana kwa macho. Mfano, achomelee skwea paipu ya unene wa milimita 1.5 kwa rodi ya kuchomelea ya milimita 2.5 bila kutoboa. Akiweka umeme mwingi atatoboa, akipunguza mno rodi itanata. Mwache arudie kwenye vipande chakavu hadi apate mwenyewe kiwango sahihi cha umeme, takriban ampea 60 hadi 80. Kwenye fremu, ashikize kwanza kona zote nne, apime kutoka kona hadi kona ya mkabala, mishazari yote miwili. Vipimo vikilingana ndipo amalizie. Wanaoharakisha kumaliza upande mmoja ndio wanaotoa mageti yaliyopinda.

Kila kazi anayoimudu iandikwe kwenye daftari la mwanagenzi, na fundi asaini siku hiyohiyo. Likisainiwa mwisho wa mwezi kwa mkupuo, limejazwa kwa kubuni.

Anajifunza kwangu bure, kuna haja ya kumlipa?

Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi, na bado linarudi. Ndiyo. Nauli na chakula kuanzia siku ya kwanza, kiasi kiandikwe kwenye mkataba, kiongezwe kila anapofaulu hatua. Kijana mwenye njaa aliyeshika grainda ni hatari kwake na kwa wenzake. Na geti alilochomelea yeye umeliuza kwa bei kamili.

Naweza kushikilia vyeti vyake asitoroke?

Hapana. Vyeti ni mali yake.

Nikimfundisha akahamia kwa jirani je?

Wengi wanaouliza hivi hawajawahi kumwambia kijana atalipwa kiasi gani akihitimu. Andika mshahara huo kwenye mkataba tangu mwanzo, pamoja na muda wa mafunzo na mwezi mmoja wa majaribio ambao kila upande unaweza kujitoa. Anayeondoka mara nyingi ni yule aliyeshakuwa fundi lakini bado analipwa posho ya mwanafunzi.

Mtoto wa shemeji ana miaka 16, anapenda sana kuchomelea. Nimchukue?

Usimweke kwenye mashine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kuwapa kazi za hatari walio chini ya miaka 18. Undugu haubadilishi hilo.

Kijana wangu ameiva lakini hana cheti.

Mpeleke VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye urasimishaji wa ujuzi: anapimwa, anafundishwa pale penye pengo, anapewa cheti. Kwa walioko Kenya, kuna mitihani ya gredi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Ada lipa wewe. Na ninyi wa Tanzania wenye wafanyakazi 10 au zaidi mnalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa Julai 2023 hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Sehemu yake inakwenda kwenye mafunzo ya ufundi. Mnalalamikia tozo kila mwezi, ila chuo kilicho jirani hamjakibishia hodi hata mara moja.

Mwanagenzi wangu ameamka macho yamevimba, anasema kama yana mchanga.

Ni mwanga wa kuchomelea; maumivu huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku. Msimwekee viazi wala maziwa, mpelekeni hospitali. Bila shaka alikuwa anashikilia chuma wakati fundi anachomelea, na kioo cha kukinga macho kilikuwa kimoja, cha fundi. Nunua kingine leo, chenye giza la namba 10, na asiyekuwa nacho asisogee. Kisha angalia kama jina lake limo kwenye michango yako ya WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inamhesabu mwanagenzi mwenye mkataba kuwa mfanyakazi.