Kijiji kizima kimeingia porini, nani kabaki na daftari?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwezi uliopita babu wa jirani yetu, mwenye ugonjwa wa kusahau, alitoka alfajiri asirudi. Msikitini wakatangaza, watu wakajaa, kila mmoja akashika njia yake na panga mkononi. Tulimpata kesho yake, hoi, kwenye kichaka nyuma ya zahanati. Kila mtu alidhani mwenzake ameshapita pale. Siku nyingine tufanyeje? – Msomaji, Korogwe

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni. Jibu umeshalitaja mwenyewe: kila mtu alidhani mwenzake ameshapita. Watu mlikuwa nao tele, mlichokosa ni kumbukumbu.

Nimekuwa mgambo, kisha mwenyekiti wa kitongoji huku milimani Lushoto. Mtu akipotea, kwanza nataka meza, kaunta buku na mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Huyo haingii porini hata akilia. Anaandika nani katoka na nani, wameelekea wapi, saa ngapi, namba ya simu, wamerudi saa ngapi. Kila kundi linapewa mipaka, kwa mfano kutoka kijito mpaka mkuyu wa shuleni. Likirudi, eneo lake linapigwa mistari kwenye ramani, hata kama ramani yenyewe imechorwa kwa mkaa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji.

Wakati huohuo ndugu mmoja yuko polisi anachukua RB, ile namba ya taarifa. Zile saa 24 za kusubiri ni maneno ya vijiweni, msizingoje. Simu ya polisi ni 112. Kama ni mtoto, pigeni na 116.

Sasa kaeni na familia, na hapa msiwe na haraka. Kavaa nini miguuni? Soli ina alama gani? Anatumia dawa gani? Zamani alilima wapi, aliishi wapi? Mzee mwenye kusahau mara nyingi hufuata njia ya maisha ya zamani, kama vile shamba aliloliuza miaka mingi iliyopita au nyumba ya mama yake. Huenda mbele tu mpaka kichaka au mtaro umzuie, na hapo hata mkimwita huenda asiitike. Ndiyo maana vichaka vya karibu na nyumbani hufunuliwa kwa mikono. Mtoto mdogo naye huweza kujificha akisikia sauti ngeni, au akapitiwa na usingizi. Anzeni uvunguni, kwenye pipa, kwenye gari bovu, hata kama mama yake anaapa ameshaangalia.

Kwenye shamba au pori mnapanga mstari. Kila mtu amwone vizuri wa kulia na wa kushoto, kwa hiyo kwenye mahindi marefu mnakaribiana, kwenye nyasi fupi mnaachana. Mwendo ni wa yule mzito kuliko wote. Mkuu wa mstari akipiga filimbi, wote mnasimama kimya na kusikiliza. Vijana wetu hili linawashinda, wanaita mfululizo, na aliyepotea akijibu nani atamsikia? Mkiona kandambili msiiguse. Mmoja asimame hapo, apige simu mezani.

Giza likiingia, makorongo yaachwe mpaka asubuhi, tusije tukatafuta wawili. Usiku ni wa barabarani: bodaboda wakae njia panda, waulize kila dereva.

Na msikate tamaa upesi. Mwanafunzi aliyepotea Mlima Kwaraa, Babati, Septemba 2024, alipatikana hai Oktoba, zaidi ya wiki tatu baadaye.

Akipatikana, apelekwe zahanati hata akisema yuko sawa. Meza haifungwi mpaka kila jina kwenye daftari liwe limerudi. Kisha tumeni ujumbe kwenye makundi yote ya WhatsApp kwamba kapatikana, la sivyo mwakani watu wa Dodoma watakuwa bado wanamtafuta babu yenu.