Wanaotumia programu yako bure si wateja wako

SWALI: Miaka minne iliyopita niliandika maktaba ndogo ya msimbo, ambayo programu nyingine huitumia kusoma faili za CSV (majedwali ya maandishi ambayo data zake hutenganishwa kwa mkato), nikaiachia bure kama programu huria. Siku hizi kila nikifungua kompyuta nakuta maswali mapya ya wateja, mengine ya matusi, na nimeanza kuichukia kazi niliyoipenda. Rafiki mmoja ananiambia niweke roboti, yaani programu inayojiendesha, ya kufunga maswali yaliyokaa siku 30. Mwingine anasema nimkabidhi mradi mtu aliyejitokeza miezi miwili iliyopita, maana anaonekana mchapakazi. Nishike lipi?

JIBU: Usishike lolote kwanza. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye neno moja: wateja. Ndugu yangu, hao si wateja. Mteja ana risiti, na risiti ndiyo inayompa haki ya kugonga meza. Fungua leseni uliyoiweka. Kama ni MIT, mojawapo ya leseni za programu huria, shuka hadi aya ya mwisho, ile ya herufi kubwa tupu ambayo hakuna anayeisoma: programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Toleo la 3 la GPL, leseni nyingine ya aina hiyo, nalo linakataa dhamana, kisha linakuruhusu kutoza ada ukitaka kutoa msaada au dhamana. Kifungu cha 9 cha leseni ya Apache 2.0 kina ruhusa kama hiyo. Walioandika leseni hizo walijua kwamba kutoa msimbo ni jambo moja na kuhudumia watu ni jambo jingine, na hilo la pili lina bei yake.

Barua za namna hii hunifikia kila mara, na mwandishi karibu daima anadhani ugonjwa wake ni uvivu au kukosa mpangilio. Hapo ndipo waganga njaa wanapoingia na ratiba zao za alfajiri na mbinu za kujibu maswali ishirini kwa saa. Upuuzi mtupu. Ukijibu haraka, umewafundisha watu kwamba hapa hujibiwa haraka, na kesho watakuja wengi zaidi. Mtu anaandika "haifanyi kazi" kwa nusu dakika; wewe unamaliza jioni nzima ukitafuta ni toleo gani, kwenye mfumo gani, faili lina nini ndani, hadi ugundue kwamba lake limetenganishwa kwa nukta mkato, si mkato.

Mzigo huo urudishe kwake. Anayeripoti hitilafu alete namba ya toleo, ujumbe wa kosa kama ulivyo, na faili la mistari michache linaloonyesha tatizo. Asipoleta, funga kwa sentensi moja isiyo na samahani. Anayetukana, mzuie siku hiyohiyo. Taarifa za usalama ndizo pekee zinazostahili kuruka foleni, nazo ziwe na njia yake ya faragha. Na usidhani kila msimbo unaoletewa ni zawadi: aliyeuandika ataondoka, wewe ndiwe utakayeulea. SQLite, programu ndogo ya hifadhidata, imo karibu katika kila simu janja duniani, na watunzaji wake wanasema wazi kwamba msimbo wao ni huru kwa wote lakini hawapokei michango kiholela. Msaada wanauuza. Sijasikia mbingu ikianguka.

Roboti itakufaa kwa jambo moja tu: kufunga swali ambalo wewe uliomba maelezo na mwenyewe akanyamaza. Kufunga kwa kuhesabu siku ni kufagia uchafu chini ya mkeka. Hitilafu haiponi kwa kuzeeka.

Ushauri wa pili ndio ulionikosesha usingizi. Mwaka 2018 mtunzaji wa event-stream, maktaba iliyopakuliwa mamilioni ya mara kwa wiki, alimpa mradi mtu asiyemjua aliyejitolea kusaidia. Mgeni akapenyeza msimbo wa kuiba bitcoin kutoka Copay, programu ya pochi ya bitcoin. Halafu ikaja xz, programu ya kubana data. Mwaka 2022 mtunzaji wake alisema hadharani kwamba afya yake ya akili inamsumbua na kwamba kazi ile haina malipo. Akaunti zisizojulikana zikazidi kumshinikiza aongeze mtu, na mtu alikuwa tayari: Jia Tan, mpole, mwenye bidii, aliyekuwa akituma marekebisho tangu 2021. Akapewa idhini. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya mwaka 2024 yakatoka na mlango wa siri ndani yake. Umma uliambiwa tarehe 29 Machi, baada ya mhandisi Andres Freund kushangaa kwa nini kuingia kwa SSH, njia ya kufikia kompyuta iliyo mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Asingekuwa mtu wa kupima vitu vidogo, sijui tungekuwa wapi.

Angalia walichokilenga wavamizi hao. Hawakuvunja nenosiri, walisubiri mtu achoke, kisha wakamchosha zaidi. Kwa hiyo anayekufokea kwamba unachelewesha mradi na umwachie mwingine, huyo mtazame kwa jicho la pili, hasa kama hajawahi kuandika hata mstari mmoja.

Huyo wako wa miezi miwili anaweza kuwa malaika. Mpe kazi ya kuchambua maswali, kisha kukagua msimbo, na ufunguo wa kutoa matoleo ubaki kwako. Na kama hata hilo huliwezi, andika juu kabisa ya ukurasa wa mradi kwamba hautunzwi tena, uufunge ubaki wa kusomwa tu. Anayeuhitaji ana haki ya kunakili na kuendelea kwa jina lake mwenyewe, na watumiaji wataamua wao kama wanamwamini.