Nimepigwa tochi 138 kwenye kibao cha 50 ila sijagonga mtu, kwa nini wananiambia nimeendesha kwa hatari?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni dereva, nakaa Masasi, naendesha Noah ya bosi. Juzi natoka Mtwara narudi, ilikuwa kama saa mbili usiku, abiria nshawashusha wote gari tupu, nikapigwa tochi Nyangao 138 kwenye kibao cha 50. Nikajua ntaandikiwa elfu 30 yangu niondoke, trafiki wakanipeleka kituoni wanasema kosa langu ni kuendesha kwa hatari na ntaitwa mahakamani. Wakili, sikugonga mtu, sikuovateki, sinywi pombe, barabara ilikuwa nyeupe kabisa. Na tangu nianze kuendesha sijawahi kupata ajali. Spidi peke yake inakuwaje hatari?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole kwa usumbufu. Nakujibu kwa urefu maana swali hili naulizwa sana na madereva wa huku kwetu, Lindi na Mtwara, na wengi wanaishika sheria nusu.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973, na humo kuna makosa mawili ambayo we unayachanganya. Kuna kuzidisha mwendo, hilo ni la namba tu, kibao kinasema 50 umekutwa na 62 basi, hamna anayeuliza kulikuwa na watu au hakuna, unaandikiwa unalipa unaendelea na safari. Afu kuna kuendesha kwa hatari. Hili nisome taratibu: ni mtu anayeendesha bila kujali, au kwa mwendo, au kwa namna ambayo, ukiangalia mazingira yote ya tukio, ni hatari kwa umma au kwa mtu yeyote. Umeona hapo "au kwa mwendo"? Mwendo umetajwa wenyewe, haujafungwa na pombe wala kuovateki wala kugonga. Kwa hiyo ndiyo, spidi peke yake inaweza kutosha kukutia hatiani.

Na hili la "sijagonga mtu" liache kabisa, halitakusaidia. Kama ungegonga mtu akaumia au akafa kuna kosa lingine kubwa zaidi linalokusubiri, la kusababisha kifo au majeraha kwa kuendesha kwa hatari. Sheria ingekuwa inasubiri mpaka mtu afe isingeweka makosa mawili tofauti.

Ila sasa hayo maneno "mazingira yote" ndo moyo wa kesi yako. Sheria inataka iangaliwe barabara ni ya aina gani, hali yake ikoje, inatumikaje, na vyombo vilivyokuwepo wakati ule au vinavyoweza kutegemewa kuwepo. Hicho kipande cha mwisho ndo kinakubana. Wewe unasema barabara ilikuwa nyeupe, mahakama itauliza Nyangao saa mbili usiku ni nini cha kutegemea pale? Nyangao unaijua kuliko mimi. Nyumba zimekaa kandokando ya lami, hospitali ipo pale pale, watu wanatoka kumuona mgonjwa wanavuka, mzee yuko na baiskeli haina hata kioo cha nyuma cha kung'aa, bodaboda anaingia lami kutoka njia ya vumbi taa imekufa, na msimu wa korosho ndo usiseme, malori yanapaki popote kuelekea bandarini. Kwamba dakika ile hukumkuta hata mmoja haimaanishi hukupaswa kumtegemea.

Afu piga na mimi hesabu kidogo, maana hapa ndo watu wanajidanganya. Tuchukue lami kavu, tairi nzima, breki nzima, na dereva mwenye akili timamu anayetumia sekunde moja na nusu kuanzia macho yaone mpaka mguu ufike kwenye breki. Ukiwa na 50, gari linasimama kabisa kwenye kama mita 35. Ukiwa na 138, kabla hujagusa breki umeshatembea mita 57. Na mpaka gari lisimame unahitaji kama mita 165. Sasa taa za chini za gari nyingi zinamulika vizuri mita 40 mpaka 60 hivi. Mtoto akitokea mita 40 mbele yako, yule wa 50 anasimama kabla hajamfikia, wewe unampitia na 138 kamili, mguu uko njiani unaelekea kwenye breki. Uzoefu wako hauingii hapo popote, kwa sababu hupati hata nafasi ya kuutumia. Ndo maana mimi nasema kwa dhati, ule mwendo pale mahali ulikuwa hatari, na ningekuficha hilo ningekuwa nakuibia hela ya ushauri.

Hilo la uzoefu lishaletwa mahakamani huko Uingereza. Mwaka 2003 askari polisi mmoja, dereva aliyefunzwa kweli kweli, alikimbiza gari la kazi maili 159 kwa saa kwenye barabara kuu ya M54, hiyo ni kama kilomita 256, na kwenye eneo la maili 30 akapita na 84. Hakuwa anakimbilia tukio, alisema analijaribu gari. Hakimu wa kwanza akamwachia, Mahakama Kuu ikasema kesi isikilizwe upya, mara ya pili akakutwa na hatia ingawa hakupewa adhabu. Ubishi ukaendelea mpaka 2009 ndo Mahakama ya Rufani ya kule, kwenye kesi ya askari mwingine, ikafunga mjadala kwamba ujuzi maalumu wa dereva hauhesabiki, kipimo ni dereva wa kawaida aliye makini.

Kanada nako, mjini Vancouver 2015, mtu alitoka kwenye 50 akapanda mpaka karibu 140 ndani ya mtaa mmoja tu akielekea makutano makubwa, akagonga gari akaua. Utetezi ukawa mwendo ule ulidumu sekunde chache. Jaji wa kwanza akakubali, lakini Mahakama ya Juu mwaka 2020 ikasema hapana, uchache wa sekunde haumwokoi mtu aliyeamua mwenyewe kukanyaga mafuta hivyo mahali kama pale. Hukumu hizi haziwafungi mahakimu wetu, ila hoja zake zinaweza kuletwa mbele yao, na maneno ya kifungu chetu yanafanana sana na ya sheria ya Uingereza ya 1930 kwa hiyo tumezoea kuangalia wenzetu walivyoamua.

Sasa je, kila anayepigwa tochi ashtakiwe hivi? Hapana, na hapo ntasimama na madereva. Mtu wa 65 kwenye 50 alipe faini yake. Hata mtu wa 130 saa nne asubuhi kwenye kipande kirefu kilichonyooka, hamna kijiji, anaona mbali, mimi ningebishana kwamba hilo ni kosa la mwendo tu, halijafika kwenye hatari. Ningependa sheria yetu iweke mstari, kama jimbo la Ontario huko Kanada ambako ukizidisha kilomita 50 juu ya kibao, au 40 kwenye barabara za chini ya 80, inakuwa kosa zito lenyewe na gari linashikiliwa papo hapo. Mstari ungemlinda mwenda kwa miguu na ungemlinda dereva pia, maana sasa hivi nani apelekwe mahakamani na nani aandikiwe elfu 30 inategemea sana askari uliyemkuta.

Kwa kesi yako basi. Tochi inaonyesha namba, mazingira haionyeshi. Upande wa mashtaka lazima ulete shahidi aeleze ulipigwa sehemu gani hasa, kibao kiko wapi, pana nyumba au pori, palikuwa na mwanga gani, na wathibitishe bila kuacha shaka. Kama ulipigwa ukiwa umeshatoka kijijini kabisa, hiyo ni hoja ya kweli, nenda mchana kapige picha kuanzia kibao kilipo mpaka walipokuwa wamesimama. Ukisomewa shtaka usiseme "ni kweli" kwa sababu tu umechoka, ukikubali wanakusomea maelezo ya kosa, na ukiyakubali nayo umeshatiwa hatiani, na mahakama ina uwezo wa kugusa leseni yako, siyo mfuko tu. Omba nakala ya hati ya mashtaka uangalie wameandika nini. Na mwambie bosi wako mapema, Noah ni yake, asije akasikia kwa watu.